Mvua Itaosha

Jumanne, msimu wa mvua

Harufu haijatoka mikononi, na nimenawa kwa sabuni na ndimu.

Mvua ilipopamba moto alasiri, Salongo, jirani yangu wa pale juu kwenye mteremko, alifungulia shimo la choo chake ili maji yabebe kinyesi. Uchafu wote ukashukia kwenye matuta yangu ya mboga, sukuma na nakati. Nikakuta funza wameganda kwenye majani. Nikatapika palepale.

Nilipanda kumuuliza. Akanijibu bila aibu, "Mama Brian, mvua itaosha. Halafu hiyo ni mbolea."

Mbolea gani? Hata samadi ya ng'ombe naiacha ioze miezi kabla sijaitia shambani. Hiki ni kinyesi cha watu juu ya mboga.

Nimeng'oa zote. Msimu huu nitapanda kwenye magunia, juu ya matofali.

Jioni mkewe akaja kuomba mboga, kama kawaida yake. Nikamwonyesha rundo la mboga nilizong'oa na kumweleza. Akasema polepole, "Lakini hata jana usiku alifungulia kidogo."

Na asubuhi mimi na yeye tulikuwa tumechuma mboga kwenye matuta hayohayo.

Brian alizila mchana akaomba aongezwe. Sasa amelala, nami kila mara naenda kumshika tumbo.