Upepo wa Kilimani

Kituo cha Hali ya Hewa, Kilimani
Jumapili, 29 Septemba

Dada yangu Ermintine,

Nakusalimu kwa mapenzi na kwa aibu, nikiomba barua hii ikukute umekaa, si umesimama. Unalala? Unakula? Manesi wenzako huko Huddersfield wanakuletea hata kikombe cha chai, au huko Uingereza kila mtu na lake? Mama hajambo. Miguu bado inamvimba na bado anakataa kuiinua juu ya kiti, anasema huo ni mkao wa wanawake wavivu. Paa la nyumba limebaki, ila jiko limekwenda lote. Anakupa pole nyingi, na kila jioni anakutaja kwenye sala kabla hajanitaja mimi, kama kawaida yake.

Telegramu niliyokupelekea ilikuwa fupi mno: Oswin haonekani, mashua haionekani. Mume wa mtu hatangazwi hivyo, nisamehe. Sasa nakueleza kwa urefu, maana una haki ya kujua mumeo aliondokaje. Nimekaa na kalamu hii tangu tulipotoka kanisani.

Kazi yangu unaijua, ingawa ulikuwa ukinicheka kwamba nalipwa kutazama mawimbi yasiyo na maji. Basi mwaka huu yametoka Afrika kwa fujo, yakavuka bahari hadi visiwani kwetu, kila siku tatu au nne wimbi jipya la hewa. Mengi hutumwagia mvua yakaenda zake. Likipita, upepo wetu wa mashariki huyumba kidogo kisha hurudi palepale. Lakini likianza kujikunja liwe kimbunga, upepo huzunguka hadi ukavuma kutoka magharibi, na hapo hakuna tena mzaha. Tarehe mbili Septemba Bwana Pascall, mtabiri wa makao makuu, aliviambia vituo vyote kwa redio kwamba kuna wimbi litatufikia alfajiri, kwamba yeye halipendi hata chembe, na kwamba atakayeona magharibi apige redio hapo hapo, asingoje hata kumaliza chai yake.

Kuna kichekesho cha Julai ambacho sikukuandikia. Kishale cha upepo juu ya paa kilishika kutu, kikaganda kikielekeza magharibi, nami nikatuma magharibi bila kutoka nje kuhakikisha. Weee! Makao makuu waliniuliza, vituo vyote vikisikia, kama kisiwa chetu kimegeuzwa na ramu. Habari ikateremka kijijini kabla yangu. Dukani kwa Cosmos wanaume wazima waliinuka wakanipokea kwa kutembea kinyumenyume, na toka siku hiyo jina langu likawa Theo Magharibi. Hata padri aliniita hivyo, akajifanya ulimi umeteleza. Nilicheka nao, lakini moyoni niliungua. Kishale nilikipaka mafuta mwenyewe, kikawa kinazunguka kama kipya.

Tarehe tatu asubuhi, yapata saa kumi na mbili na nusu, Oswin alipanda kilima mwenyewe, jasho linamtoka, mkate wa moto kwapani. Mashua yake, Lady Ermin, ilikuwa imeshapakia kondoo thelathini na magunia ya ndimu, mabaharia watatu wako ndani, na alitaka kufika kisiwa cha Saint Vincent kabla ya jioni. Akasema huko ufukweni wanahisi kaupepo kutoka nchi kavu, lakini hajui kama ni kale ka kawaida kanakoteremka kilimani alfajiri au ni kitu kingine. Urias, baharia wake wa nne, alikuwa amegoma kupanda, eti bahari inamnukia vibaya. Akaniuliza, "Shemeji, wewe uko juu huku, hakuna kilima cha kukudanganya. Upepo unatoka wapi?" Nikamwambia mashariki. Akacheka, akanikatia nusu ya mkate, akasema Urias ni mwoga na leo atamwacha nyumbani asuke nywele na wanawake. Akateremka mbio.

Saa nne bahari ilikuwa imegeuka rangi. Saa tano mabati yalianza kung'oka kijijini, na onyo la makao makuu likatoka saa hiyohiyo, halina faida tena kwa mtu. Kitovu kilikuwa kaskazini yetu, njia ileile ya Oswin. Siku mbili nilikaa redioni nikiita kila kituo na kila meli. Siku ya tatu Saint Vincent walijibu kwamba wameokota kondoo waliofura pwani, na kipande cha ubao chenye herufi za mwanzo za jina lako. Watu wenyewe hawakuonekana, Ermin, si mumeo wala wale watatu.

Jumamosi iliyopita tuliwapikia marehemu, kama ilivyo desturi yetu. Kondoo walichinjwa, ukasongwa ugali wa mahindi, zikapikwa mbaazi, na sahani ya Oswin ikaandaliwa juu ya kitambaa cheupe chumbani kwenu, mlango ukafungwa. Kabla ya watu kula, Mama Zabette, mkweo, alichukua sahani ya kwanza ya walio hai akaniletea mimi, akawapita wazee wote. Akasema mbele ya watu kwamba mimi ndiye niliyemwita mwanawe siku mbili bila kufumba jicho, na kwamba huyu ndiye ndugu. Nilikula. Nilimaliza sahani nzima kwa kuwa walikuwa wananitazama. Kisha Urias akaja kukaa karibu nami, akanieleza alivyomsihi Oswin gatini mara ya mwisho, na Oswin alivyomjibu kwamba Theo amesema mashariki, na Theo hawezi kumwambia uongo.

Huko mjini Bwana Pascall amesimamishwa kazi. Wanasema alilala, ndiyo maana onyo lilichelewa. Alhamisi kuna baraza la uchunguzi, nami nimeitwa nikathibitishe vipimo vyangu. Wenzake wameniambia hajitetei sana, ila anarudia jambo moja tu, kwamba haelewi inakuwaje kisiwa chetu kilionyesha mashariki.

Hakikuonyesha mashariki, Ermin. Saa kumi na mbili kamili, nusu saa kabla Oswin hajafika, kishale kilionyesha magharibi. Niliandika 27, ndivyo tunavyoandika magharibi, nikashika redio, na masikioni nikasikia kile kicheko cha Julai. Nikajiambia kishale kimeganda tena. Nikafuta, nikaandika 09, yaani mashariki, nikatuma.

Hapo ndipo nilipokusudia kuishia, na baraza ningeliambia hivyohivyo: kishale kibovu, binadamu hukosea. Sentensi hiyo nimeifanyia mazoezi wiki nzima. Lakini wewe si baraza. Kabla ya kufuta, nilitoka nje. Nilisimama mlangoni. Moshi wa tanuri la Bi Adina ulikuwa unakwenda baharini, na upepo wa magharibi ulinipiga usoni, wa baridi, una mvua ndani yake. Nilijua. Nilirudi ndani nikafuta huku najua, nikijipa moyo kwamba kituo kingine kitasema kwanza, kichekwe chenyewe. Na Oswin aliponiuliza ana kwa ana, nilikuwa nimeshatuma, na kumwambia kweli kungekuwa kukiri kwamba nimetuma uongo. Nikapokea mkate wake nikamwacha ateremke.

Alhamisi nitapeleka daftari. Ile 27 bado inasomeka chini ya 09 ukiinamisha karatasi kwenye mwanga. Lakini daftari halijui kwamba nilitoka nje, kwa hiyo hilo nitalisema kwa mdomo wangu. Kwa Mama Zabette nitakwenda Jumatano, peke yangu, mchana. Mama yetu nitamwambia kesho.

Wasalimie manesi wanaokuangalia, waambie nimewashukuru. Mama anakusalimu sana, Urias anakusalimu, majirani wote wanakupa pole. Msamaha siuombi kwa karatasi. Mama anasema utakuja Krismasi. Nitakuwa gatini. Ukishuka ukanipita bila kunipa mkono, sitakufuata, na mizigo yako nimeshamwomba Urias aibebe.

Mdogo wako,
Theophilus