Anasikia Ukivuta

Mponde, Bumbuli,
Lushoto.
14 Julai 2024

Mpendwa kaka Twaha,

Shikamoo. Wifi Zakia hajambo huko Songea? Na Yusra, kikohozi kimeisha? Sisi tupo, baridi inatutafuna na ukungu haujaondoka shambani wiki nzima. Mama magoti yanamsumbua, lakini chai anachuma, hakataziki huyo.

Nimeandika barua kwa sababu simu ni moja na Zuberi analala nayo kifuani. Hili sitaki alisikie.

Hali ya mdogo wetu Zuberi si nzuri, kaka, nisikufiche. Ule ugonjwa wa neva, MS, umemshika vibaya. Mguu anauburuta, jicho la kulia halioni tena, na mikono inatetemeka hata kikombe hakishiki. Daktari alituambia wazi kwamba dawa haziponyi, zinapunguza kasi tu, na sigara inauongezea ugonjwa mbio. Akiacha, huenda jicho lililobaki likadumu.

Tumehangaika naye, wallahi! Mama anaficha viberiti mpaka mwenyewe anavisahau. Mimi namtafunisha muwa hamu ikimpanda. Rafiki zake wakija kumjulia hali nawapekua mifuko mlangoni, wananiita askari. Waniite tu! Zuberi alitutukana, akalia, mwisho akaanza kuzoea, hata utani ukamrudia.

Kisha Ijumaa iliyopita ukapiga simu yako ya kila wiki. Nilimshikia sikioni kama kawaida, nikaona ametulia ghafla, midomo inajikunja. Nikadhani umempa habari ya msiba. Kumbe amesikia unawasha kiberiti. Wewe unaongea mpira, yeye anavuta pumzi pamoja na wewe. Ulipokata akasema, "Dada, niwashie. Kaka naye anavuta."

Nikakataa, nikaenda kuchota maji. Huku nyuma akatambaa mpaka jikoni na kipisi alichokificha kwenye foronya, akashika kaa la moto kwa mkono. Kaka, mkono ule hauna hisia tena. Tulijua kwa harufu. Kiganja chote kimeungua.

Nilikukasirikia sana, ingawa hukujua. Sasa unajua. Sikuombi kitu kingine: acha sigara. Ukishindwa, basi usimpigie kabisa, nitamwambia mtandao wa huko kwenu ni mbovu.

Msalimie wifi, mbusu Yusra. Mungu akupe nguvu za kifua na za moyo.

Zuberi anauliza kila asubuhi kama leo ni Ijumaa.

Mdogo wako, anayekupenda hata akifoka,
Sharifa