Kamba Laini ya Punda

Jumanne, Makanya

Kidonda kwenye pua ya punda bado kibichi. Aliyeniuzia alikuwa akimfunga kwa waya, nami sikumkagua punda vizuri nilipomnunua.

Tangu nilipomwona kwenye video ya simu mwanamke akimwongoza farasi kwa kamba iliyolegea, natamani kujaribu hivyo kwa punda wangu. Leo sokoni Same niliiacha kamba ya katani kwa sababu inachubua, nikachagua ya pamba. Mume wangu alicheka. "Mama Neema, punda anaelewa fimbo tu. Asipobeba maji wiki hii, tunamuuza."

Alipoiona kamba, punda alitetemeka mwili mzima. Nikaiweka chini, nikakaa pembeni. Baada ya muda mrefu alisogea, akainusa, kisha akaninusa mkono.

Ningeweza kumfunga pale pale. Moyo ulikataa, kwa kuwa ndiyo kwanza ameanza kuniamini. Kesho maji nitayabeba mwenyewe, na mume wangu ataniona na kujua kwamba punda bado hajabeba.