Aliyekivunja Kidole Chako

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini mdomo umezoea.

Tangu tukuzike hapa Ibra siwezi kukaa. Nafua nguo zilizo safi, nafungua friji nasahau nilichotaka, natoka uani narudi. Mama ananambia, "Tulia, utanizungusha kichwa." Situlii. Kuna mtu mjini Sur anasubiri nimwambie neno moja, na neno hilo halinitoki.

Unamjua. Mzee Khalfan, mliyepigana naye ngumi Unguja ujanani. Siku ya tatu ya azza, matanga yako, aliletwa na mjukuu wake mpaka kwenye sabla, walikokaa wanaume kupokea rambirambi. Alipoanza tu habari za ulingoni, kaka Nasor akamkatiza kwa kumpa finjani ya kahawa. Nasor hapendi watu wajue babake alikuwa bondia. Anataka wakukumbuke kwa swala na kazi yako ya idara ya maji. Mzee wa watu akanywa kahawa, akarudi kwao bila kusema alilolijia. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nikapata habari jioni. Nilipandwa na hasira.

Juma lililofuata nikaendesha gari mwenyewe hadi Sur. Nilikwenda kwa furaha, Baba. Nilitaka kumsikia mtu mwingine akisimulia ulivyocheza kriketi asubuhi ukapigana jioni, na bibi akikufichia viatu usitoke. Wewe ulikuwa ukitusimulia huku ukirusha ngumi sebuleni, kanzu ya dishdasha umeipandisha magotini, na sisi hatuna mbavu kwa kucheka. Tukikuuliza kidole kilichopinda, unasema mpira, ulidaka vibaya.

Nilimkuta kitandani. Hakunizungusha.

"Mwanangu, kidole cha babako mpira ulikitegua tu. Nilimwona akifungwa kitambaa kabla ya pambano, nikawa naupiga mkono ule ule makusudi. Kidole nimekivunja miye. Gongo la kriketi hakulishika tena sawasawa. Alijua, na hakunisema kwa mtu. Nilikuja Ibra kutaka halali yenu, mnisamehe, wallahi sikupata nafasi."

 Nikaaga, nikaondoka sijampa halali hiyo. Njia nzima mpaka mji wa Al Kamil nilikuwa nalia na kumtukana, mtu mzima mgonjwa, Mungu anisamehe.

Nasor keshasamehe kwa simu, haraka haraka, ili asisikie zaidi. Mama naye kasamehe. Nimebaki mimi. Leo binti wa Mzee Khalfan kapiga simu tena: babake hali chakula, anauliza kama yule mtoto wa Ibra atarudi.

Nimekukasirikia na wewe. Kwa nini hukutwambia? Ulikuwa na umri mzima wa kumtaja. Harusini kwa Nasor mlikumbatiana naye, ukanituma nimletee halwa, na mimi nikamchagulia sahani iliyojaa. Mchana kutwa nimelizunguka jambo hili, na kila nikilizunguka nafika pale pale: wewe ulikwisha kumsamehe zamani. Ugomvi nimeuokota mimi.

Basi kesho, baada ya swala ya alfajiri, nakwenda Sur. Nakuahidi nitamshika mkono, nimwambie ulimsamehe. Hilo ni kweli, nitalisema bila kusita. Akiniuliza, na wewe je, nitasema nimesamehe.

Utakuwa uongo, Baba. Nitaurudia kila siku mpaka uwe kweli.

Pumzika. Mungu akulaze pema.

Mwanao,
Zuwena