Sauti ya binti kwenye simu ya dawa

Mwenzangu, uko? Usipige, nimekaa kwenye ngazi za nyumba ya watu, nikifungua mdomo nitalia.

Ile programu yetu ya kuwakumbusha dawa wazee wanaosahau, leo nimeijaribu kwa yule mama, mwalimu mstaafu. Si bosi alisema turekodi sauti ya mtoto wake, eti hawezi kuibishia? Tukamrekodi binti yake anayeishi mbali.

Saa nne asubuhi simu ikasema, "Mama, ni mimi. Saa ya dawa imefika."

Mama akainuka, akaenda kufungua mlango!

Mlango! Dawa ziko mezani, maji yako mezani, yeye anahangaika na komeo, halifunguki. "Mwanangu kaja." Simu ikarudia, akaenda tena. Mara tatu!

Nikampigia bosi. Unajua kaniambia nini? "Si ameinuka? Basi amesikia. Weka tiki." Weka tiki! Nikamwambia dawa hajanywa. Akasema fomu ya majaribio haina swali hilo. Na kweli haina, maana fomu niliitunga mimi. Mimi na usomi wangu wote!

Mara ya nne mama akanikodolea macho: "We binti, huna adabu? Mwenzako anaita mlangoni, umekaa tu!"

Nikashindwa. Nikaenda nikafungua, aone mwenyewe kwamba hakuna mtu.

Akachungulia kulia, akachungulia kushoto. Kisha akanigeukia, machozi yanamlengalenga.

"Unaona sasa? Umechelewa kumfungulia. Ameondoka."