Kifuniko cha Mbaazi

Baba Samiha,

Saa moja asubuhi nimetoka kuoga, nikakuta bakuli la mbaazi limefunikwa kwa kitabu changu cha sita cha hadithi za picha, za yule rubani wa jicho moja. Kawa la kufunikia chakula lilikuwa ukutani, mahali pake.

Mchukuzi wa maji akipita, ajaze mitungi yote miwili.

Jalada gumu limevimba kwa mvuke, na rubani ana duara la tui usoni. Nilipokuuliza, kabla hujatoka, ulisema, "Wallahi mke wangu, kifuniko ni kifuniko. Si picha za watoto tu?" Vitabu hivyo navikusanya tangu nina miaka tisa, na hicho cha sita nimekitafuta miaka minne. Wewe ndiye uliyenisindikiza feri siku niliyokwenda kukichukua mjini, ukakibeba mwenyewe. Hilo ndilo lililoniuma.

~~Nimekusamehe.~~ Tutazungumza nikirudi kutoka shuleni.

Nikahi ya rafiki yako Mahfudh ni baada ya adhuhuri, kule mtaa wa Shika Adabu. Wewe ni shahidi, usichelewe. Kanzu nimeipiga pasi. Kofia yako ya vito, ile ya Lamu ya matundu yaliyoshonwa kwa mkono, usiitafute kabatini. Sikutaka mbaazi zako zipoe, na nimeifuata rai yako kuhusu vifuniko. Imeenea bakuli sawasawa. Ile kofia ya cherehani ipo, ukiona haya kwenda kichwa wazi.

Sasa ni saa mbili kasorobo, nataka kufunga mlango, na mvuke umeanza kutokea kwenye matundu ya kofia.

Mama Samiha