Mshenga na Sauti ya Kazini

Ngassa, usinipigie kwanza. Ndiyo nimetoka kwa kina Elieth hapa Gongoni.

Posa yako niliianza vizuri. Shikamoo nilitoa zote, bibi yake akaitikia, baba mtu akasema haya mshenga, tunakusikiliza.

Ndugu yangu, ikatoka sauti ya kazini! Ile ile ninayotangazia muvi!

"Alizaliwa Nzega. Akakulia nyuma ya ng'ombe. Moyo wake ukampenda binti mmoja tu..." Mpaka mashangazi wakaacha jiko wakaja kusimama mlangoni. Na mimi nikanogewa. "LAKINI NGASSA ANA SIRI MOJA..."

Halafu nikanyamaza.

Nikanyamaza, Ngassa! Si ndipo ninapoishiaga siku zote, ili mtu akaitafute muvi yenyewe?

Baba mtu akaweka kikombe chini. "Siri gani?"

Bibi akadakia: "Plasidi, sema. Ana mke huko Nzega?" Elieth kwenye pazia amenitolea macho, anakaribia kulia.

Ningefanyaje? Nikasema ukweli. Kwamba jitu zima wewe huwa unalia ukisikia matangazo yangu, hata ya vichekesho.

Bibi alicheka mpaka mtandio ukamdondoka. Umekubaliwa, bwana harusi!

Ila mimi bibi haniamini tena. Anasema Jumapili uje mwenyewe, mimi nitangaze, wewe ulie, aone kwa macho yake. Usipolia, basi kweli una mke Nzega.

Kwa hiyo jikaze kiume, ulie.